Matsushita: Mwenye Hisa na Mwenye Kazi

Malindi tunayoitaja leo si ile iliyo kando ya bandari ya Unguja, anayoijua kila mwenyeji wa Visiwani, wala si ile ya pwani ya Kenya. Ni Malindi ya Wilaya ya Lushoto, juu katika milima ya Usambara, ambako barabara itokayo Lushoto mjini ikishapita Magamba huendelea kujipinda kando ya miteremko iliyolimwa mboga. Huko baridi ya mwezi wa Julai haina mzaha. Na huko, kama ilivyokuwa katika vijiji vya Unguja na Pemba, ilipita miaka mingi ambayo habari za dunia na maagizo ya serikali vilifika kwa njia moja tu, nayo ni redio ya mawe.

Wazee wanayakumbuka mambo hayo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wa Tanzania Bara walikaa katika vikundi, redio imewekwa katikati, wakafunzwa habari za malaria, vyoo na maji safi. Mawe yalipochoka na sauti kufifia, yalitolewa yakaanikwa juani ili yapate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Redio nyingi za wakati ule, na mawe yake, ziliandikwa jina la National. Kiwanda cha kampuni hiyo kilikuwapo hata Dar es Salaam tangu miaka ya 1960. Jina watu walilijua vizuri. Mwenye jina hilo ni nani, hapana aliyeuliza.

Leo hali imegeuka. Kijana wa Malindi ana simu mkononi, na ndani ya simu hiyo mna vipande vidogo vya silikoni, viitwavyo chipu, vinavyohesabu na kukumbuka kila kitu. Kwa simu hiyo hiyo anasoma habari za makampuni makubwa yanayotengeneza vyombo vya elektroniki na chipu, na mazungumzo yake na wenzake ni haya: hisa za kampuni fulani zitapanda au zitashuka? Ni wakati wa kununua, au wa kungoja? Hatumlaumu kijana anayetaka kujua. Ila tunaona kwamba ameanza na swali la pili. Swali la kwanza ni hili: mwenye kampuni ni nani, na huo umilikaji maana yake ni nini?

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuyasimulia maisha ya mtu aliyeianzisha kampuni ya National, Bwana Konosuke Matsushita wa Japani, aliyefariki dunia mwaka 1989. Hatumsimulii ili atukuzwe. Alikuwa bepari, nasi hatukusudii kulificha jambo hilo. Tunamsimulia kwa kuwa suala la hisa lilimkabili kwa kila upande: alikuwa mtoto wa baba aliyefilisika sokoni, kisha mwanzilishi wa kampuni, kisha mbia wa mgeni mwenye nguvu kuliko yeye, na mwishowe mzee aliyewaachia wengine.

Matsushita alizaliwa tarehe 27 Novemba, 1894, katika kijiji cha Wasa, Mkoa wa Wakayama, akiwa wa mwisho katika watoto wanane. Baba yake, Masakusu, alikuwa mwenye mashamba na mtu wa heshima kijijini. Mwaka 1899 mzee huyo alijitosa katika soko la kubahatisha bei ya mchele, ambamo watu hununua na kuuza shehena wasiyoiona kwa kutegemea bei ya kesho. Bei ikamgeuka. Ardhi ya ukoo na nyumba vikaenda. Jamaa hao wakahamia mji wa Wakayama, wakafungua duka la mitalawanda, nalo likafa. Msomaji aliyekaa chuoni atatambua kwamba biashara ya namna hiyo, ya kuuza usichokishika kwa bei usiyoijua, wanazuoni wetu waliikataza tangu kale. Mzee Masakusu hakuwapata wanazuoni hao. Yeye alifunzwa na hasara.

Mwezi Novemba 1904, mtoto akiwa hajatimiza miaka kumi, alikatishwa masomo na kupelekwa mji wa Osaka kutumika katika duka la maseredani, yaani majiko ya makaa. Miezi michache baadaye akahamia duka la baiskeli, ambako alikaa miaka mitano akifagia, akitumwa na kujifunza ufundi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Mauti nayo hayakuwa mbali. Baba alifariki mwaka 1906, mama mwaka 1913, na ndugu zake wote walimtangulia mmoja baada ya mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa na kifua kibovu, na kwa muda mrefu wa maisha yake aliongoza kazi akiwa kitandani.

Mwaka 1910, alipoona treni za umeme zikianza kuenea katika mitaa ya Osaka, aliacha baiskeli akaingia Kampuni ya Taa za Umeme ya Osaka kuwa msaidizi wa fundi wa nyaya. Alipanda vyeo upesi hata akawa mkaguzi akiwa na umri wa miaka 22. Wakati huo alikuwa amebuni soketi ya taa, lakini mkubwa wake hakuona maana yake. Mwaka 1917 akaacha kazi. Mtaji wake haukufika yeni 100. Wafanyakazi wake walikuwa mkewe Mumeno, shemeji yake Toshio Iue aliyekuwa bado kijana mdogo, na wenzake wawili. Kiwanda chao kilikuwa chumba cha nyumba ya kupanga. Soketi hazikununuliwa, na wale wenzake wawili wakaondoka. Kilichowaokoa ni agizo la visahani 1,000 vya kuhami umeme katika feni, kazi ambayo hawakuifikiria. Tarehe 7 Machi, 1918, akaandikisha karakana yake rasmi.

Tunapenda msomaji autazame mwanzo huu kwa makini. Wakati huo mwenye hisa na mwenye kazi walikuwa mtu mmoja. Aliyetoa fedha ndiye aliyekoroga mchanganyiko wa kufinyangia soketi, na mkewe aliweka rehani nguo zake ili chakula kipatikane. Hapakuwa na wa kuuliza nani mmiliki.

Mwaka 1923 alitoa taa ya baiskeli itumiayo mawe. Taa za mawe za wakati ule zilizimika baada ya saa mbili au tatu, na wenye maduka walikuwa wamekwisha kuzichoka. Ya kwake iliwaka saa 30 na zaidi, lakini nani angesadiki? Matsushita akaamua kuziacha taa madukani bila malipo, zikiwa zimewashwa, ili mwenye duka ajionee mwenyewe kwa saa yake. Mwaka 1927 alitoa taa nyingine ya mraba, ya kwanza kuitwa National, akakusudia kugawa taa 10,000 bure. Mawe ya kutia ndani yake yalikuwa ya mtengenezaji mwingine. Matsushita akamwendea na kumwomba mawe 10,000 bure, kwa ahadi kwamba kabla ya mwaka kwisha atamwuzia mawe 200,000. Asipoweza, atayalipia yale ya kwanza. Mwaka ulipokwisha, mawe yaliyouzwa yalikuwa 470,000.

Mwisho wa mwaka 1929 mdororo wa uchumi wa dunia uliifikia Japani. Mauzo yalishuka kwa nusu, na maghala yakajaa. Wasaidizi wake walimjia akiwa mgonjwa, wakamshauri apunguze nusu ya wafanyakazi. Uamuzi wake ulikuwa mwingine: kiwanda kifanye kazi nusu siku, asifukuzwe hata mtu mmoja, mishahara isipunguzwe, na kila mtu atumie muda uliobaki kwenda kuuza mali iliyolala ghalani. Baada ya miezi michache maghala yakawa matupu. Wapo watakaosema kwamba alifanya hivyo kwa faida yake. Huenda. Lakini wako mabepari wengi waliokuwa na haja ya faida kama yeye mwaka ule, na walifukuza watu.

Mwaka 1932 alifanya mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. La kwanza, mtu mmoja alikuwa na hataza za sehemu muhimu za redio, na kwa hataza hizo aliwazuia mafundi wote wa Japani wasiendelee. Matsushita alizinunua kwa fedha nyingi, kisha akaziachia zitumike na kila mtengenezaji bila malipo, hata washindani wake. La pili, tarehe 5 Mei, aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza madhumuni ya kampuni yao. Maji ya bomba, alieleza, yana thamani, lakini kwa kuwa ni mengi na rahisi, mpita njia akinywa haitwi mwizi. Kazi ya kiwanda ni kuvifanya vitu vyote muhimu viwe vingi na rahisi kama maji hayo, mpaka umaskini uondoke. Aliipanga kazi hiyo kwa muda wa miaka 250. Mkulima wa Usambara aliyenunua mawe ya National kwa senti zake hakuyasikia maneno hayo, lakini matokeo yake aliyashika mkononi.

Mwezi Desemba 1935 karakana yake ilifanywa kampuni ya hisa. Kuanzia hapo mwenye hisa na mwenye kazi wakaanza kuwa watu wawili. Mwenyewe alishikilia kwamba kampuni ni chombo cha umma kilichokabidhiwa watu, fedha na ardhi vya jamii, na isipoleta manufaa kwa jamii haina haki ya kuvitumia. Sisi tunalo neno fupi la kulieleza wazo hilo, nalo ni amana.

Haifai tukayaruka mabaya. Wakati wa vita kampuni hiyo ilitii amri za majeshi yaliyokuwa yakizivamia nchi za Asia, ikatengeneza meli za mbao na hata ndege. Japani iliposhindwa mwaka 1945, wakuu wa majeshi ya Marekani waliiweka nyumba ya Matsushita katika orodha ya koo za matajiri waliotakiwa kuvunjwa, mali zake zikafungiwa, na yeye mwenyewe akatakiwa kuondoka katika uongozi. Ndipo likatokea jambo la nadra. Chama cha wafanyakazi wa viwanda vyake, kilichokuwa kimeundwa mwaka 1946, kilikusanya maelfu ya sahihi kuomba kwamba asiondolewe. Mahali pengine vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikiomba kinyume chake. Mwaka 1947 aliruhusiwa kubaki, ingawa vikwazo vingine viliendelea kwa miaka michache, na mwaka 1949 alitangazwa kuwa mdaiwa mkubwa wa kodi kuliko wote nchini. Shemeji yake Iue aliondoka wakati huo akaenda kuanzisha kampuni ya Sanyo.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuchukue kalamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Matsushita alitambua kwamba Japani imeachwa nyuma katika elimu ya elektroniki. Alisafiri Marekani na Ulaya mwaka 1951, na hatimaye akachagua kushirikiana na kampuni ya Philips ya Uholanzi, jina tunalolijua sisi Watanzania, kwani nayo iliunda redio Arusha. Philips ilikuwa na maabara, hataza na wataalamu. Ilitaka kupewa sehemu ya hisa katika kampuni ya ubia, na juu yake ilipwe ada ya uelekezaji wa ufundi. Ada waliyoitaja kwanza ilikuwa kubwa. Matsushita alikuwa upande wa mwombaji, nchi yake imeshindwa vitani, fedha za kigeni hana.

Lakini alifikiri hivi. Ufundi wa Philips una thamani, ndiyo. Je, uendeshaji wa kiwanda nchini Japani, ujuzi wa kuwaongoza wafanyakazi wa Kijapani, na maduka yaliyotapakaa nchi nzima, havina thamani? Kama wao wanalipwa kwa kuelekeza ufundi, basi sisi nasi tulipwe kwa kuelekeza uendeshaji. Waholanzi walistaajabu, jambo hilo hawakuwa wamelisikia. Majadiliano yalikuwa marefu na karibu yavunjike. Mwisho wake Philips ilikubali kupokea asilimia 4.5 kwa ajili ya ufundi, na kampuni ya Matsushita ilipokea asilimia 3 kwa ajili ya uendeshaji. Mwezi Desemba 1952 kampuni ya ubia ikazaliwa. Ilitengeneza globu, mirija ya redio na ya televisheni, na baadaye transista na chipu. Ndiyo iliyoifanya Matsushita kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa elektroniki duniani. Na mwaka 1993, miaka minne baada ya kifo cha mwanzilishi, kampuni yake ilizinunua hisa za Philips, ambazo wakati huo zilikuwa asilimia 35, na mgeni akaondoka kwa heshima.

Tulinganishe na yetu. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, taifa letu lilichukua benki zote, na katika viwanda na mashamba kadhaa, yakiwamo ya mkonge mkoani Tanga, serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na hatuutetei kwa kunong'ona. Mali iliyotokana na jasho la wananchi ilistahili kurudi kwa wananchi. Lakini mashirika yetu yalipokwisha kuzishika hisa hizo, mengi yalitia sahihi mikataba ya uendeshaji na makampuni yale yale ya kigeni. Tukawalipa kwa uendeshaji, tukawalipa kwa ufundi, na mara nyingi malipo hayo yalihesabiwa kutokana na mauzo, si kutokana na faida. Kiwanda kikipata hasara, ada ilitoka. Karatasi ya hisa ilikuwa kabatini mwetu. Funguo za kiwanda zilikuwa mfukoni mwa mwingine. Mgeni aliyeuza sehemu ya hisa zake aligundua kwamba hakupoteza kitu kikubwa.

Ndiyo maana tunasema kwamba yule Mjapani aliyekatishwa shule akiwa mtoto aliliona jambo ambalo wasomi wetu wengi walilipita. Yeye alitoa hisa, akabaki na uendeshaji, akaudai bei. Sisi tulichukua hisa, tukautoa uendeshaji, tukalipia.

Tuendelee na maisha yake. Kadiri kampuni ilivyokua na kuuza hisa mpya, sehemu ya Matsushita mwenyewe ilizidi kupungua. Mwaka 1971 hisa zake zilianza kuuzwa hata katika soko la New York. Mtu ambaye zamani alikuwa na kila kitu sasa alikuwa na sehemu ndogo tu. Hata hivyo hakuna aliyekuwa na shaka ni nani kiongozi. Mwaka 1961 alimwachia urais wa kampuni mkwewe, Masaharu, akabaki mwenyekiti. Mwaka 1964 biashara ilipoharibika na mawakala wengi wa mauzo kupata hasara, aliwaita mjini Atami. Kwa siku mbili walimlalamikia, naye akawajibu kwamba makosa ni yao. Siku ya tatu alisimama akakiri kwamba kosa ni la kampuni, akawaomba radhi huku akitokwa na machozi, kisha akarudi mwenyewe kuongoza idara ya mauzo, akiwa na umri wa miaka 69. Mwaka uliofuata, 1965, alitimiza ahadi aliyoitoa mwaka 1960, akawapa wafanyakazi wake siku mbili za mapumziko kwa juma bila kuwapunguzia mshahara, jambo lililokuwa geni katika viwanda vikubwa vya Japani.

Wala hakukosa kukosolewa na umma. Mwaka 1970 akina mama wa Japani walipogundua kwamba televisheni za rangi zinauzwa ghali kwao kuliko ng'ambo, walikataa kuzinunua, na kampuni yake ilikuwa miongoni mwa zilizolazimika kushusha bei. Maji ya bomba yalikuwa yamewekewa kufuli, na wananchi walilivunja. Ndugu zetu wa Visiwani, waliokuwa na televisheni ya rangi mapema katika miaka hiyo ya 1970 wakati Bara hatukuwa nayo, wataliona jambo hilo kwa wepesi.

Mwaka 1973 alistaafu uenyekiti. Mwaka 1977, kwa idhini yake, urais wa kampuni alipewa Toshihiko Yamashita, aliyekuwa wa 25 katika orodha ya wakurugenzi 26, wala hakuwa wa ukoo wake. Mwaka 1979 Matsushita alitoa fedha zake kuanzisha chuo cha kuwafundisha vijana uongozi wa nchi. Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza, Yoshihiko Noda, alikuwa Waziri Mkuu wa Japani kuanzia mwaka 2011 hadi 2012. Tarehe 27 Aprili, 1989, Matsushita alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 94.

Yaliyofuata baada ya kifo chake yana mafunzo kwa wale wanaouliza kama hisa zitapanda au zitashuka. Mwaka 1990 kampuni ilitoa zaidi ya dola bilioni 6 kununua kampuni ya sinema ya Marekani, MCA, na mwaka 1995 ikaiuza sehemu yake kubwa, baada ya kuona kwamba kazi hiyo haiijui. Mwaka 2008 jina la Matsushita likaondolewa, kampuni ikaitwa Panasonic. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2012 ilipata hasara ya yeni zaidi ya bilioni 770, na mwaka uliofuata hasara iliyokaribia hiyo. Mwaka 2013 iliondoa hisa zake katika soko la New York. Mwaka 2019 ilitangaza kuiuza biashara yake ya chipu kwa kampuni ya Nuvoton ya Taiwan, na mwaka 2020 mauzo hayo yakakamilika. Mwaka huo huo wa 2019 mjukuu wa mwanzilishi alitoka katika bodi ya wakurugenzi. Ikawa hapana mtu wa ukoo huo aliyebaki pale mezani.

Nini kilichobaki? Mawe. Kampuni iliyoanza kujulikana kwa taa ya baiskeli iliingia katika kutengeneza betri za magari ya umeme kwa ajili ya kampuni ya Tesla ya Marekani. Mwaka 2010 ilinunua hisa za Tesla kwa dola milioni 30, na mwaka 2021 ikatangaza kuwa imeziuza kwa takriban dola bilioni 3.6. Msomaji wa bei atasema kuwa hapo ndipo palipo na somo. Sisi tunasema kwamba hisa zile zilinunuliwa na mtu anayejua kutengeneza betri kutoka kwa mtu anayezihitaji betri. Faida ya hisa ilikuja nyuma ya kazi, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Mzee Masakusu, yule wa soko la mchele, alikikimbilia kivuli kwanza.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na wananchi wa kawaida, pamoja na wakulima, wanayo haki ya kuwa na hisa humo. Hatuwazuii. Mwananchi mwenye hisa katika kiwanda cha nchi yake ni bora kuliko mwananchi asiyekuwa na chochote. Ila kabla ya kuuliza bei ya kesho, aulize maswali matatu. Kampuni hii inatengeneza nini kwa ujuzi wake yenyewe? Nani anaiendesha, na analipwa kwa kipimo gani? Na ikipatwa na mwaka kama ule wa 1929, mzigo utabebwa na nani?

Maswali hayo hayo, kwa uzito mkubwa zaidi, tunayaweka mezani kwa viongozi wa serikali zetu mbili. Mikataba ya ubia itaendelea kuja, Bara na Visiwani. Katika bandari, katika hoteli, katika nishati, katika madini. Kila inapokuja, wananchi huambiwa asilimia ya hisa tuliyopata, na makofi hupigwa. Tunasema asilimia hiyo haitoshi kuwa jibu. Yafaa wananchi waambiwe pia ni ada gani inayolipwa kwa ufundi, ni ada gani inayolipwa kwa uendeshaji, baada ya miaka mingapi vijana wetu watakuwa wameishika kazi, na ni kitu gani chetu ambacho tumemtaka mgeni naye akilipie. Ardhi yetu, masoko yetu, ujuzi wetu wa mahali na watu wetu vina bei. Asiyevitaja bei mezani amevitoa sadaka.

Na kwa Chama tunaongeza neno moja. Mwongozo wa mwaka 1971 uliwataka viongozi wa mashirika waache ubwana na kiburi mbele ya wafanyakazi. Bepari wa Osaka, aliyekuwa hajausoma Mwongozo wowote, aliombewa na wafanyakazi wake siku ya taabu yake. Ni viongozi wangapi wa mashirika yetu ya umma, yaliyoundwa kwa jina la wafanyakazi, walioombewa hivyo siku mashirika yao yalipobinafsishwa? Jibu halihitaji takwimu, na ni chungu.

Kule Malindi ya Usambara mkulima wa viazi naye anaijua hali hii, ingawa hajawahi kushika cheti cha hisa. Shamba ni lake, jembe ni lake na jasho ni lake. Lakini bei hupangwa na anayekuja na lori. Siku mkulima huyo na wenzake watakapoungana wakashika ghala, usafiri na njia ya sokoni, ndipo watakapokuwa wenye shamba kwa maana kamili. Kwa taifa ni vivyo hivyo.